UZI: Servisi ya kwodi baiki (pikipiki za magurudumu manne, ATV) Nairobi na viunga vyake (hesabu saa, si kilomita)

#1 SpanaKumiNaSaba

Wadau, maswali ya kwodi yamekuwa yakitupwa kwenye nyuzi za bodaboda na kupotelea humo. Tuyakusanye hapa. Naanza na hizi ndogo za Kichina, injini za cc 110 na 125, kwa sababu ndizo zimejaa mashambani na ndizo zinazokufa mapema bila sababu. Wenye Honda, Polaris na CFMoto zamu yenu inakuja.

Jambo la kwanza: sahau kilomita. Bodaboda ikitoka Ruiru hadi mjini imepigwa na upepo njia nzima. Kwodi inazunguka shambani kwa gia ya pili, injini inalia, upepo wa kuipoza hakuna, na kinachoingia puani ni vumbi. Kilomita kumi za namna hiyo si kilomita kumi za Thika Road. Ndiyo maana vitabu vya ATV huandika saa kando ya kilomita. Honda, kwa mfano, huweka oili ya kwanza kwenye saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au kilomita 1,000. Hiyo ni injini yenye filta ya karatasi. Ya Kichina ya 110 haina filta hiyo, kwa hiyo mimi husema saa 25 kwa vumbi la kawaida, na saa 15 ukiwa Kajiado wakati wa kiangazi. Kama haina mita ya saa, kuna ndogo ambazo waya wake unazungushwa tu kwenye kebo ya plagi. La sivyo, andika kwa kalamu ya rangi chini ya kiti.

Kumwaga oili: acha injini iungurume dakika tatu nne, oili ipate joto, halafu zima. Kwodi iwe mahali tambarare. Bolti ya kumwagia iko chini ya tumbo la injini, spana 17. Fungua na kijiti cha kupimia juu ili hewa ipite, la sivyo itatoka kwa kusitasita na uchafu ubaki. Injini hizi hubeba mililita 800 hadi 900. Si lita. Chupa ya dukani ni lita moja, na watu humimina yote kwa kuona ni dhambi kuacha kidogo. Oili ya ziada haikai kimya. Inapanda kwenye mpira wa kupumulia, inaingia kwenye boksi la filta ya hewa, sponji inalowa, plagi inakuwa nyeusi, halafu fundi anafungua kabureta ambayo haina kosa.

Kijiti cha kupimia: pangusa, ingiza bila kuzungusha nyuzi zake, chomoa, soma. Ukikikaza kwanza utasoma zaidi ya iliyomo.

Wosha ya bolti weka mpya. Kukaza ni Nm 20 hadi 25 tu. Nyumba ya injini ni alumini laini, na nyuzi zikichunika unamtafuta mtu wa kutia helikoili (nyuzi mpya za waya), kazi ambayo gharama yake ingekununulia oili ya mwaka mzima.

#2 MzeeWaGrogan

Umesahau kitu muhimu, bosi. Kwa sababu hakuna filta ya karatasi, hizi injini husafisha oili kwa kuizungusha: nyuma ya kifuniko cha kulia, juu ya klachi, kuna kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu ukutani. Baada ya mwaka, uchafu huo unakuwa kama grisi ya kijivu iliyoganda. Kikombe kikijaa, kinachofuata kinapita moja kwa moja hadi kwenye beringi.

Kila badiliko la tatu au la nne la oili, fungua kifuniko cha kulia. Ondoa kiki kwanza kama ipo, na ukumbuke bolti hazina urefu mmoja. Zichomeke kwenye katoni kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Ondoa skrubu tatu za kikombe, kwangua kwa kijiti cha mti, si bisibisi, osha kwa mafuta ya taa, kausha. Gasketi mpya lazima. Iliyokatwa kwa boksi la unga usiniletee.

Gasketi za 110 ziko Kirinyaga Road, maduka yaleyale ya spea za pikipiki. Nenda na ile ya zamani mkononi, usiende na jina. Ukisema "ya kwodi" utaambiwa hakuna. Ukiweka gasketi kwenye kaunta utapewa, kwa sababu injini hiyo ni ndugu wa pikipiki za mtindo wa Honda Cub.

#3 Kitengela_Vumbi

Oili gani sasa? Petroli stesheni kuna ishirini, na kila moja ina picha ya pikipiki.

#4 SpanaKumiNaSaba

Geuza chupa nyuma, tafuta herufi JASO MA au MA2 (JASO ni kiwango cha Kijapani). Hiyo inamaanisha imepimwa na klachi inayoogelea ndani ya oili, na kwodi zote za gia za 110 hadi 250 zina klachi hiyo. MB ni ya skuta, imetengenezwa iteleze zaidi. Ukiiweka kwenye klachi hiyo ya ndani ya oili, injini itapiga kelele mlimani na magurudumu yasisogee.

Uzito: 10W-40 ndiyo ya vitabu vingi. Kwa injini ya kupozwa na hewa, hali ya hewa yetu haina baridi ya kutisha, 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya MA inafaa pia, hasa kwa injini iliyokwisha kuchoka.

#5 DizeliNdiyoMpango

Mnawatisha watu bure. Oili ya dizeli 15W-40 imekuwa ikiingia kwenye pikipiki nchi hii miaka na miaka na klachi hazitelezi. Ina sabuni nyingi ndani, inasafisha injini, na debe la lita tano linatosha servisi sita.

Servisi *sita* wala si tano, kwa kuwa ni 800 kila mara. Hesabu ndiyo hiyo.

#6 MzeeWaGrogan

Uko nusu sahihi, mzee. Kinachofanya klachi iteleze si neno "gari" kwenye chupa. Ni vile viungo vya kupunguza msuguano vinavyotiwa kwenye oili nyepesi za petroli, 5W-30 na jamaa zake, zile zenye alama ya kuokoa mafuta. Oili nyingi za dizeli 15W-40 hazina viungo hivyo, na baadhi zimeandikwa JASO MA kabisa mgongoni. Yenye herufi hizo, tumia bila wasiwasi. Isiyo nazo unabahatisha, na bahati ikikataa ni plati za klachi.

Ila debe la lita tano lina shida nyingine: linakaa wazi gereji, kifuniko kimelegea, vumbi na unyevu vinaingia. Kama unanunua kubwa, hamishia kwenye chupa safi za lita moja.

#7 DizeliNdiyoMpango

Hapo kwa chupa nimekubali. Kwa mengine tutaonana.

#8 Sponji

Nyote mnazungumza oili na hakuna aliyegusa filta ya hewa. Kwodi za Nairobi haziuliwi na oili mbovu, zinauliwa na vumbi kupitia filta. Oili chafu inachukua miaka. Sponji iliyotoboka inamaliza ringi za pistoni msimu mmoja. Dalili ni moshi wa samawati, oili kupungua bila kuvuja, na ukifungua mpira wa kabureta unakuta ndani kuna unga mwembamba wa udongo. Ukishaona unga upande huo, ujue nusu ya safari imekwisha.

Hatua zenyewe:

Kabla hujafungua boksi, pangusa juu yake. Vumbi lililo kwenye kifuniko ndilo litakaloanguka ndani. Toa sponji, halafu ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi.

Usioshe sponji kwa petroli. Inalainisha gundi ya maungio, sponji inafunguka kwenye mshono, na huo mwanya huuoni mpaka iwe imechelewa. Osha kwa mafuta ya taa kwanza kama ina oili nyingi, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kamua kwa kuifinya katikati ya viganja, usiisokote kama nguo. Suuza hadi maji yatoke meupe. Anika kivulini, si juani juu ya bati, hadi ikauke kabisa, kwa sababu oili haishiki kwenye sponji yenye maji.

Halafu itie oili. Hapa ndipo wengi huharibu: wanairudisha kavu. Sponji kavu ni chandarua tu, mbu anapita. Kinachokamata vumbi ni oili inayonata. Kuna oili maalumu ya filta za sponji, na kama hukuipata, vitabu vya Honda vinaruhusu oili ya gia, SAE 80 au 90. Mimina, finya mpaka rangi ienee sawa sehemu zote, kisha kamua iliyozidi ndani ya gazeti. Ukiifinya kwa kidole, kidole kiwe na unyevunyevu lakini tone lisidondoke. Paka grisi nyembamba ukingoni inapokaa kwenye boksi ili izibe.

Mwisho, chini ya boksi kuna kamrija kenye kizibo. Kafinye kila ukimaliza kuendesha. Likitoka vumbi, ni sawa. Yakitoka maji au matope, usiwashe injini kabla hujafungua boksi.

Mara ngapi? Vumbi la Kajiado au Isinya, kila siku ya kuendesha. Uwe na sponji mbili, moja ikianikwa nyingine inafanya kazi. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu wakati umelowa, kila baada ya wiki mbili tatu inatosha.

#9 Kitengela_Vumbi

Swali la kweli sasa. Kwodi mpya ya 150, plagi inatoka nyeusi kama masizi ya jiko, mafuta inabugia, na ukifungua eksileta ghafla inakohoa kwanza. Filta safi, choki imezimwa. Kabureta mbovu?

#10 JetiNamba

Si mbovu, haijui tu iko wapi. Kabureta ilipimwa kiwandani kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, lakini jeti (kile kitundu cha kupimia petroli) inatoa petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito, masizi yanajaa plagi, na nguvu inapungua.

Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza hakikisha choki kweli imezimika. Kama ni ya umeme, hizi za GY6 (injini za mkanda za mtindo wa skuta), iache injini ipate joto dakika tano, halafu gusa kile kichwa chake. Kikiwa baridi, hakipati umeme, na choki itabaki ikiongeza petroli siku zote. Pili, angalia floti, lile boya ndani ya kabureta. Petroli ikidondoka kwenye mrija wa chini, sindano ya floti inavuja au ina uchafu, na hiyo peke yake inaleta masizi. Tatu, teremsha sindano ya slaidi kwa kusogeza kiklipu chake tundu moja juu, ikiwa ina matundu. Nne, punguza jeti kuu kwa hatua moja au mbili. Kama ina namba 110 jaribu 105, uendeshe, utoe plagi, usome.

Rangi unayoitafuta kwenye kauri ya plagi ni kahawia ya chai yenye maziwa kidogo. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye utelezi ni oili. Nyeupe kama chokaa ni petroli haba, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Naisema kwa sababu hii: ukishapunguza jeti kwa ajili ya Nairobi, usiteremke nayo Magadi. Ukipita Kona Baridi barabara inashuka mpaka karibu mita 600, hewa inakuwa nzito tena, na jeti yako ndogo sasa haitoi petroli ya kutosha. Juu ya hapo kuna joto la kule bondeni. Injini ya kupozwa na hewa ikikosa petroli kwenye joto hilo inatoboa pistoni. Beba jeti ya zamani na bisibisi, ubadilishe kabla ya kushuka. Zile ambazo petroli yake inapimwa na kompyuta badala ya kabureta hujirekebisha zenyewe, wenye hizo wanaweza kulala usingizi.

#11 Sponji

Na ukirudi kutoka Magadi, osha magadi yote siku hiyohiyo kwa maji baridi mengi. Ile chumvi inatafuna alumini, inashika kwenye soketi za waya na kuzigeuza kijani. Chini ya fenda na ndani ya rimu ndipo inapojificha.

#12 BintiWaFundi

Habari zenu. Plagi zimetajwa bila namba, na hapo watu hununua isiyo yake. 110 na 125 za injini ya kulala (silinda imelala kuelekea mbele), na GY6 150, hutumia C7HSA au A7TC ya Kichina: nyuzi za milimita 10, spana ya plagi 16. Zile za injini ya kusimama aina ya CG, 200 na 250, hutumia D8EA, nyuzi 12, spana 18. Hii ya pili iko kila kona kwa sababu bodaboda nyingi za Kichina huitumia. Mwanya ni milimita 0.6 hadi 0.7, pima kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) hata kama plagi ni mpya.

Anza kuizungusha kwa vidole hadi iguse. Ikigoma mapema, usilazimishe, umeingia nyuzi upande. Ikishagusa, mpya ikaze nusu mzunguko, ya zamani moja ya nane tu.

Na valvu, kwa kuwa hakuna anayezigusa mpaka kwodi ikatae kuwaka asubuhi. Injini ya kulala ya 110: milimita 0.05 pande zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, maana yake imelala usiku kucha. Fungua vifuniko viwili vya kichwa na kile cha kushoto cha sumaku, zungusha kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na mkato. Tikisa roka zote mbili (mikono inayosukuma valvu) kwa kidole. Zote zikicheza kidogo, uko mahali pake. Moja ikiwa ngumu, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unachomoa karatasi chini ya kitabu. Shikilia skrubu wakati unakaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati huizungusha.

Valvu zinazopiga tikitiki zinasikika. Zilizobana hazisikiki, na ndizo zinazoungua.

#13 Kitengela_Vumbi

Asante dada, hiyo ya valvu naihifadhi. Presha ya taya (tairi)? Petroli stesheni wameweka 28.

#14 SpanaKumiNaSaba

Ishirini na nane!? Hiyo ni ya Probox. Taya za kwodi hufanya kazi kati ya psi 3 na 7, na namba kamili imeandikwa kwenye kibandiko cha fenda au ubavuni. Kwa 28 kwodi inaruka kama mpira, inakanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati, na kwenye mteremko wa kokoto haikati kona. Geji ya petroli stesheni haiwezi kusoma 4, sindano yake haijaamka hapo. Nunua geji ya presha ndogo, inayoishia 10 au 15, na pampu ya mguu. Pima asubuhi taya zikiwa baridi. Kushoto na kulia ziwe sawa: tofauti ya psi moja ni robo ya presha yote, na usukani utavuta upande wenye presha ndogo.

Miiba ya migunga: taya hizi nyingi hazina tyubu, mshipi wa mpira wa kuzibia unatosha kwa tundu la kawaida. Usichomoe mwiba kabla hujawa na mshipi na pampu mkononi.

#15 AkseliYaNyuma

Nashuka upande wa nyuma, ambako ndiko fedha hupotelea.

Cheni. Ndogo nyingi ni 420, kubwa kidogo 428, za michezo 520. Ya 428 ni ya bodaboda, utaipata hata Rongai. Ulegevu milimita 25 hadi 35 katikati ya upande wa chini, mtu akiwa amekaa juu. Sisitizo liko kwenye *akiwa amekaa*. Akseli ikipanda, cheni inakaza. Ukiipima kwodi ikiwa imesimama tupu na ukaiweka barabara kama kamba ya kuanikia nguo, mwenyewe akipanda inavuta shafti ya gia, sili inaanza kuvuja oili nyuma ya sproketi ndogo, na beringi za akseli zinalia. Cheni iliyolegea inapiga kelele tu. Iliyobana inaua kimyakimya.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, si petroli. Paka oili ya gia 90 upande wa ndani wa cheni, acha usiku kucha, asubuhi pangusa yote inayoonekana nje. Oili inayong'aa nje ni gundi ya mchanga.

Beringi: inua nyuma kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Magurudumu yote mawili yakicheza pamoja, beringi za nyumba ya akseli zimekwisha. Likicheza moja tu, shida ni habu: nati imelegea na meno ya akseli yanaliwa. Hiyo ya pili usiiache hata siku moja. Nati mpya ni kazi ya dakika kumi, lakini meno yakiisha unanunua akseli na habu.

Mbele vilevile, pamoja na boli jointi na vichwa vya fimbo za usukani. Kila penye nipo ya grisi, piga pampu mpaka grisi safi itokeze, pangusa. Ya zamani ikitoka na maji, rudi baada ya siku chache upige tena.

#16 UdongoMweusi

Kwa wakazi wa Syokimau, Embakasi, Kitengela: udongo wetu mweusi una sheria zake. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, osha siku hiyohiyo ukiwa bado umelowa. Ukikauka ni saruji. Unakaa katikati ya mapezi ya injini na injini inachemka bila wewe kujua kwa nini, unakaa ndani ya rimu na kwodi inatetemeka kama taya imepinda, unabana pini za kalipa na breki zinashika zenyewe.

Na kuosha kwenyewe: mpira wa bustani, si ile mashine ya presha ya kaa wosh. Maji ya presha hupita sili za beringi kama hazipo, na huingia kwenye soketi, boksi la filta na swichi. Kama lazima uende huko, simama pale mwenyewe umwambie kijana asielekeze bomba kwenye habu, akseli, chini ya kiti wala rejeta. Rejeta ioshwe kutoka nyuma kuelekea mbele kwa maji ya kawaida. Presha inalaza mapezi yake na hapo hewa haipiti tena. Ziba eksosi kwa karatasi ya plastiki, injini ikiwa imepoa.

Ukimaliza endesha taratibu huku umebonyeza breki kidogo zikauke. Pini za kalipa zitoe, safisha, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Pedi zikibaki milimita moja ya kitambaa, toa. Maji ya breki DOT 4, kila miaka miwili, au mara yakigeuka rangi ya chai.

#17 MkandaWaNyuma

Wa GY6, CFMoto, Polaris, Can-Am: sisi shughuli yetu ni mkanda. Ukivuka maji yakafika kwenye boksi la mkanda utaona injini inapanda na kwodi haiendi. Usiendelee kukanyaga, unauchoma. Simama, fungua kizibo cha chini cha boksi maji yatoke, weka N, pandisha injini kiasi sekunde kumi na tano hivi, rudia mpaka ushike. Mkanda ukiufungua usiuguse kwa mikono ya grisi, na mishale iliyochorwa ielekee upande uleule ilivyokuwa. Ubavu ukiwa unang'aa kama kioo au una nyufa, upana ukiwa chini ya kipimo cha kitabu, weka mpya. Ukubwa umechapwa mgongoni mwake.

Kwenye GY6 usisahau oili ya gia ya nyuma, mililita 110 hadi 120 za SAE 90. Ni kidogo hivyo, ndiyo maana inasahaulika. Na klachi yake ni kavu, kwa hiyo ule ugomvi wenu wa MA na MB hauwahusu wa GY6.

Za magurudumu manne ya kuvuta: oili ya difu ikitoka rangi ya maziwa, maji yameingia. Kabla hujalaumu sili, fuata mpira wa kupumulia wa difu. Mara nyingi umechomoka au umeziba kwa matope, difu ikipoa majini inanyonya.

#18 BintiWaFundi

Betri kwa ufupi, kwa sababu wengi huwasha kwodi Krismasi, kisha hawaigusi tena hadi Pasaka. Iliyopumzika isome volti 12.6 kwenda juu. Injini ikiunguruma kwa kasi ya kati, 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, regyuleta ya chaji imekufa na itachemsha betri. Chaji kwa moja ya kumi ya uwezo, yaani betri ya Ah 5 ni ampia 0.5, si chaja ya lori. Ikikaa zaidi ya mwezi, funga petroli na ufungue skrubu ya chini ya bakuli la kabureta imwagike kwenye kopo. Petroli iliyokauka humo huacha gundi kwenye jeti ndogo, na ndipo kwodi inapokubali kuwaka kwa choki tu.

#19 Kitengela_Vumbi

La mwisho kwa leo. Nati ya akseli ya nyuma, ile ya taji, nikiikaza kwa torki yake tundu la pini halilingani. Nairudisha nyuma kidogo?

#20 AkseliYaNyuma

Hapana. Kamwe hairudishwi nyuma. Endelea kukaza mbele mpaka tundu linalofuata lilingane, haizidi moja ya sita ya mzunguko. Pini mpya kila mara, mguu mmoja ukunjwe juu ya ncha ya akseli, mwingine chini ubavuni mwa nati. Nunua pakiti nzima, hazizidi bei ya soda. Kisha baada ya saa moja ya kuendesha, itikise tena.

#21 DizeliNdiyoMpango

Na usiweke msumari badala ya pini. Nyie wa Kitengela nawajua.